Kushusha Umeme wa Kebo ya Mtandao Ufae Vyombo vya Chama

Chama cha msingi cha leo hakiendeshwi tena kwa daftari, kalamu na mizani ya kuning'iniza peke yake. Katika banda la kupokelea mazao mna mizani ya kielektroniki yenye tarakimu zinazowaka; mezani kwa karani kuna kishikwambi cha kuingizia uzito wa kila mkulima; ghalani mna kamera; na ofisini kwa Katibu kuna ruta ya intaneti, kwa kuwa taarifa za chama sasa hupelekwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Vyombo hivyo ni vidogo, wala havili umeme mwingi. Hata hivyo kila kimoja huja na adapta yake, kila adapta hudai soketi yake, na soketi zote hufa kwa pamoja umeme wa gridi unapokatika.

Matokeo yake wanachama wanayajua. Umeme ukikatika saa tano asubuhi katikati ya msimu, foleni husimama, au karani huanza kuandika uzito kwenye vipande vya karatasi ili aje kuuingiza baadaye. Jioni vipande vinapohesabiwa, kimoja hakionekani, na mkulima aliyeleta magunia sita anaambiwa ameleta matano. Usiku nao kamera ya ghala huzimika saa zile zile ambazo giza limetanda pande zote. Kwa hiyo suala la umeme wa vyombo hivi halipaswi kuachiwa fundi peke yake. Linagusa kilo na fedha za wanachama.

Iko njia ya kupunguza adha hiyo, nayo ni kupitisha umeme ndani ya kebo ile ile ya mtandao inayounganisha ofisi na banda. Kebo ya mtandao ina nyaya nane nyembamba, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Nyaya hizo zinaweza kubeba habari na umeme kwa wakati mmoja bila kimoja kukivuruga kingine. Vifaa vya aina hiyo huwa vimeandikwa herufi PoE juu ya boksi. Chama kikiweka betri moja nzuri ofisini, pamoja na swichi ya mtandao yenye kutoa umeme, vyombo vyote vya bandani na ghalani huishi kwa betri hiyo moja. Hakuna haja ya kuchimba mtaro wa waya wa volti 230 hadi bandani, wala ya kununua betri ya akiba kwa kila chombo.

Shida iko mwisho wa kebo. Kebo huleta umeme wa takriban volti 48, ilhali kishikwambi kinataka volti 5, mizani pengine 9, na kamera nyingi 12. Chombo cha volti 5 kikipewa volti 48 huungua papo hapo, na mara nyingi hakitengenezeki. Ni lazima volti hizo zishushwe, tena zishushwe kwa njia iliyo sahihi. Makosa yanayofanywa hapo ni machache na yanajulikana. Ila ni ya gharama.

Kwa nini volti 48

Huenda mwanachama akauliza: ikiwa vyombo vinataka volti 5 au 12, kwa nini zisipelekwe volti hizo hizo tangu mwanzo? Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo linalofungua mambo mengine yote.

Nyaya za kebo ya mtandao ni nyembamba, na waya mwembamba hukinza umeme. Mtu aliyewahi kuteka maji kwenye bomba jembamba na refu anaijua hali hiyo. Koki ikifunguliwa kidogo, maji hutoka kwa nguvu. Ikifunguliwa sana, nguvu huanguka na maji hutoka kwa unyonge. Vivyo hivyo katika waya: kadiri mkondo wa umeme unavyokuwa mkubwa, ndivyo volti nyingi zaidi zinavyopotea njiani. Kwa kebo ya daraja la kawaida yenye urefu wa mita 100, wahandisi hukadiria ukinzani wa omu 12.5, kwenda na kurudi. Kwa ukinzani huo, chanzo cha volti 5 hakiwezi kufikisha zaidi ya nusu wati mwisho wa kebo, vyovyote itakavyokuwa. Chanzo cha volti 12 hakiwezi kufikisha hata wati 3. Kishikwambi kinachojaza betri yake huhitaji wati 10.

Sasa zipelekwe volti 48. Wati ni zao la volti na ampea. Volti zikiwa nyingi, ampea chache zinatosha. Ili kupata wati kama 12 mwisho wa kebo hiyo hiyo, unapita mkondo wa robo ya ampea au zaidi kidogo. Njiani zinapotea volti 3 na kitu, na hasara haifiki wati 1. Umeme unafika ukiwa na volti zaidi ya 44, tayari kushushwa pale pale kwenye chombo. Ni kanuni ile ile inayotumiwa na shirika la umeme, ambalo husafirisha umeme kwa volti nyingi sana katika nguzo kubwa, kisha huushusha kwa transfoma karibu na nyumba za watu.

Volti 48 hazikuokotwa ovyo. Ni urithi wa simu za mezani. Mitambo ya simu ya zamani ilikuwa na safu za seli 24 za risasi, kila seli ikiwa na volti 2, na nyaya zilizobeba sauti ndizo zilizopeleka umeme kwenye simu ya mteja. Ndiyo sababu wazee wanakumbuka kwamba simu ya mezani iliendelea kulia hata taa za mji mzima zilipozimika. Kadhalika umeme mnyoofu ulio chini ya volti 60 huhesabiwa miongoni mwa umeme mdogo usio wa hatari kwa mtu anayeugusa katika hali ya kawaida. Mwaka 2000 kampuni ya Cisco ya Marekani ilianza kutoa swichi zenye kupeleka umeme kwa simu za mtandao kwa mtindo huo, na mwaka 2003 taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, ikatoa kanuni ya pamoja iitwayo 802.3af ili vifaa vya viwanda mbalimbali vielewane.

Kanuni hiyo ya 2003 huruhusu tundu moja la swichi kutoa wati 15.4, na hukihakikishia chombo kilicho mwisho wa kebo wati 12.95. Mwaka 2009 ilifuata 802.3at, yenye wati 30 kwenye chanzo na 25.5 kwenye chombo. Ya mwaka 2018, 802.3bt, hutumia jozi zote nne na kufikia wati 60 au 90 kwenye chanzo. Kwa mahitaji ya banda la mazao, ile ya kwanza hutosha mara nyingi, na ya pili hutosha karibu mara zote. Chama kisishawishiwe kununua ya tatu kwa sababu tu ni mpya.

Chanzo kinachouliza na chanzo kisichouliza

Hapa ndipo makatibu wanapaswa kuwa macho kuliko mahali pengine pote, kwa maana madukani kuna vifaa vya aina mbili vinavyofanana kwa sura na vyote vimeandikwa PoE.

Aina ya kwanza ni ile inayofuata kanuni za IEEE. Swichi ya aina hii haitoi umeme mpaka iulize kwanza. Hupeleka volti chache, kati ya 3 na 10 hivi, na kupima kama upande wa pili kuna ukinzani wa omu elfu 25, ambao ndio kitambulisho cha chombo kilichotengenezwa kupokea umeme huo. Kisha huuliza kiasi cha wati kinachohitajika. Ndipo hupandisha volti hadi 48. Kompyuta ya kawaida isiyo na kitambulisho ikichomekwa hapo haipati umeme wowote kupitia kebo, wala haidhuriki. Aidha chombo kikichomolewa, swichi hutambua na kuukata umeme mara moja.

Aina ya pili haiulizi lolote. Ni vikasha vya kuingizia umeme ambavyo huja na redio za kurushia intaneti za juu ya paa, vingi vikiwa vya volti 24, vingine vya 48. Umeme umo ndani ya kebo muda wote, awepo wa kuupokea au asiwepo. Mtu akichomeka kompyuta mwisho wa kebo hiyo kwa kudhani ni kebo ya mtandao kama nyingine, anaweza kuichoma. Vifaa hivyo si vibaya vikitumika na redio iliyokuja navyo. Ubaya wao ni kuvitumia nje ya kazi hiyo.

Kuna pia vipande viwili vya kebo vyenye mikia, vinavyouzwa kwa bei ya chini sana: kimoja huchomekwa ofisini kuingiza umeme, na kingine mwisho wa kebo kuutoa. Watu huvinunua wakiamini kwamba kile cha mwisho hushusha volti. Hakishushi chochote. Kazi yake ni kutenga nyaya tu. Volti zilizoingia ndizo zinazotoka, zikipungua kwa kile kilichopotea njiani. Aliyeingiza 48 atatoa karibu 48, moja kwa moja ndani ya kamera ya volti 12.

Namna volti zinavyoshushwa

Kifaa kinachohitajika mwisho wa kebo ni kikasha kidogo ambacho mafundi hukiita splita. Kebo kutoka ofisini huingia upande mmoja. Upande wa pili hutoka nyaya mbili: moja ya mtandao isiyo na umeme, na nyingine yenye plagi ndogo ya umeme wa volti 5, 9 au 12, kama kilivyotengenezwa. Ndani yake mna ukinzani wa kitambulisho uliotajwa, na mtambo wa kushusha volti.

Mafundi wa redio wa siku nyingi hupendekeza njia za mkato, nazo zafaa zielezwe kwa nini hazifai. Njia ya kwanza ni kuweka rezista mbele ya chombo ili zile volti za ziada zipotelee humo. Tuseme chombo cha volti 5 kinakula nusu ampea. Fundi ataweka rezista ya omu 86, nayo itakula volti 43 zilizozidi. Hesabu yake ni sahihi kwa dakika ile tu. Vyombo vya kielektroniki havili umeme kwa kiasi kimoja: mara hufanya kazi, mara husinzia. Chombo kikisinzia na kula sehemu moja ya kumi ya ampea, rezista ile itazuia volti 8.6 tu, na volti zaidi ya 39 zitapenya. Hakitaamka tena.

Njia ya pili ni kile kipande cheusi chenye miguu mitatu kiitwacho 7805, ambacho kimo katika redio na vifaa vingi vya zamani. Hicho hutoa volti 5 sawasawa hata mkondo ukibadilika, lakini kiwango cha juu cha volti kinachoweza kupokea ni 35. Hata kama kingeweza kupokea 48, kazi yake ni kugeuza volti zote za ziada kuwa joto. Kwa mkondo wa ampea 1, chombo kingepata wati 5 na wati 43 zingepotea kwa joto, yaani moto wa kutosha kuchomea risasi. Tena tundu la kanuni ya 2003 halitoi ampea 1.

Splita ya kweli hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Ndani yake mna swichi ya kielektroniki inayofunga na kufungua mara laki kadhaa kwa sekunde. Umeme huruhusiwa kupita kwa vipande vidogo vidogo. Koili huvipokea na kuvilainisha, na kapasita huvihifadhi, hata vikatoka kama mkondo mmoja mtulivu. Katika mtindo ulio rahisi zaidi, ili kupata volti 5 kutoka 48, swichi hiyo hufungulia umeme kwa takriban sehemu moja ya kumi ya wakati. Kwa kuwa hakuna kinachozuiliwa kwa nguvu, joto ni dogo. Splita nzuri hufikisha kwenye chombo asilimia 80 hadi 90 ya umeme ulioingia. Volti zinaposhuka, ampea huongezeka: robo ya ampea iliyoingia kwa volti 44 na kitu hutoka kama ampea 2 kwa volti 5.

Splita zilizo bora zina transfoma ndogo ndani yake, hivyo kwamba upande wa kebo na upande wa chombo havigusani kwa waya wowote. Jambo hilo ni la maana pale chombo kimoja kinapounganishwa na kingine kilichochomekwa kwenye soketi ya ukutani, au pale chombo kina bodi ya chuma inayoshikwa na watu kutwa. Splita rahisi kupita kiasi huwa hazina kinga hiyo. Muuzaji aulizwe, akishindwa kujibu, aendewe mwingine.

Kibandiko cha adapta

Kabla ya kununua splita, Katibu achukue adapta iliyokuja na chombo na asome kibandiko chake. Mambo manne yanatafutwa hapo.

Volti zinazotoka lazima zilingane kabisa na za splita. Hakuna kukadiria.

Ampea za splita lazima zitoshe au zizidi zile za adapta. Kuzidi hakudhuru, maana chombo huchukua kile kinachokihitaji tu. Watu wengi huliogopa jambo hili bila sababu, huku wakipuuza lile la volti.

Alama ya nguzo ni kile kichoro cha nukta ndani ya duara, chenye alama za kujumlisha na kutoa. Vyombo vingi vina kujumlisha katikati, lakini si vyote, na kugeuza nguzo kwaweza kuua chombo. Hapo hapo ipimwe plagi yenyewe. Plagi mbili zenye kipenyo cha nje cha milimita 5.5 zinaweza kutofautiana tundu la ndani, moja 2.1 na nyingine 2.5, zikichanganywa, ama haziingii, ama zinacheza na kukatakata umeme.

La nne husahauliwa: adapta nyingine za mizani hutoa umeme geu, si mnyoofu. Hizo huonyeshwa kwa mstari wa wimbi badala ya mstari ulionyooka. Splita hutoa umeme mnyoofu peke yake, na mizani ya namna hiyo haifai kuunganishwa nayo mpaka mtengenezaji athibitishe.

Baada ya hapo ifanywe hesabu ya wati. Volti zizidishwe kwa ampea, kisha jibu ligawanywe kwa 0.85 ili kuhesabu hasara ya splita. Kishikwambi cha volti 5 na ampea 2 ni wati 10. Zikigawanywa, ni kama wati 11.8. Zinaingia katika 12.95 za kanuni ya 2003. Kamera yenye adapta ya volti 12 na ampea 1 ni wati 12. Zikigawanywa, zinafika 14.1, nazo zimezidi. Kweli kamera nyingi hula chini sana ya kile kilichoandikwa kwenye adapta, lakini taa zake za usiku zinapowaka matumizi hupanda, na hakuna ajabu kuona kamera inayofanya kazi mchana ikizimika kila jioni. Kwa kamera kama hiyo inunuliwe swichi na splita za kanuni ya 2009, au inunuliwe tangu mwanzo kamera inayopokea umeme wa kebo yenyewe bila splita, jambo ambalo ni nafuu zaidi.

Ipo pia hesabu ya swichi nzima. Swichi yenye matundu manane inaweza kuwa imeandikwa wati 60 kwa jumla. Hiyo haina maana ya wati 15.4 kwa kila tundu, kwani jumla yake ingekuwa zaidi ya 120. Wati 60 ndizo za kugawana, na zikiisha, tundu la mwisho halipewi.

Mashine za kuchapia stakabadhi kwa joto ziachwe nje ya mpango huu. Nyingi huhitaji volti 24 na ampea 2 au zaidi wakati wa kuchapa, kiasi ambacho splita ya kawaida haiwezi. Zile ndogo zenye betri ndani zinafaa zaidi bandani.

Habari ya mizani

Mizani inastahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu ndiyo chombo pekee kati ya hivi ambacho neno lake ni fedha. Umeme wa splita uingie kwa plagi ya nje tu. Fundi asiruhusiwe kufungua mizani ili kuunga nyaya ndani, hata akiahidi kuifunga kama ilivyokuwa. Muhuri wa Wakala wa Vipimo ukivunjwa, mizani hiyo haina tena uhalali wa kupimia mazao ya watu mpaka ihakikiwe upya, na kila kilo iliyopimwa katika kipindi hicho inaweza kubishiwa.

Mara baada ya kubadili chanzo cha umeme, mizani ipimwe kwa mawe ya kupimia yenye uzito unaojulikana, mbele ya karani na mjumbe mmoja wa Bodi, na matokeo yaandikwe. Tarakimu zikicheza wakati hakuna kitu juu ya sahani, umeme unaofika hautulii. Splita hiyo irudishwe dukani. Mizani yenye betri ndani ina faida ya kuendelea kwa muda hata kebo ikikatika, na mizani ya aina hiyo hula umeme mdogo sana betri ikishajaa. Hapo yaweza kutokea kichekesho: swichi inayofuata kanuni, ikiona mkondo ulio chini ya miliampea 10, hudhani chombo kimechomolewa na hukata umeme. Splita bora hujilia umeme kidogo yenyewe ili isikatwe. Dalili ya ile isiyo bora ni taa inayowaka na kuzimika mfululizo.

Kebo, mvua na radi

Mita 100 ndiyo mpaka wa kebo, kwa habari na kwa umeme. Kebo iwe ya shaba tupu. Madukani kuna kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba, ambazo kwa macho hazitofautiani na nyingine na kwa bei ni nafuu, lakini ukinzani wake ni zaidi ya ule wa shaba kwa nusu au kupita. Njia ya kuzitambua ni rahisi: ukwanguliwe waya mmoja kwa kisu. Ukionekana mweupe ndani, si shaba. Tena boksi lake ni jepesi mkononi. Kebo hiyo ikibebeshwa umeme, vyombo vilivyo mbali huzimika bila sababu inayoonekana, na lawama huenda kwa splita isiyo na kosa.

Kebo inayopita nje kati ya nyumba mbili iwe ya aina ya nje, yenye ganda jeusi lisiloharibiwa na jua, na ipitishwe ndani ya bomba chini ya ardhi inapowezekana. Ikipita hewani katika nchi ya milima yenye radi nyingi, ni lazima pawe na kinga ya radi kila upande, nayo iunganishwe na waya wa ethi uliozikwa vizuri. Kinga isiyo na ethi ni pambo. Hata ikiwa na ethi, radi inayopiga karibu yaweza kuipita. Palipo na desturi ya radi kali, kebo ichomolewe pande zote mbili kazi inapoisha, ingawa hapo kamera ya ghala italala.

Hesabu ya betri

Tuseme banda lina kishikwambi cha wati 10, mizani ya wati 3, na kisambaza intaneti cha wati 6, na ghala lina kamera ya wati 5. Jumla ni wati 24. Kwa hasara ya splita na kebo, swichi itatoa karibu wati 30, nayo yenyewe hula kama wati 8. Umeme wa betri ukipitia kigeuzi kabla ya kufika kwenye swichi, patapotea kidogo tena. Ihesabiwe wati 45. Kwa saa 8 zinahitajika wati-saa 360. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haipaswi kutolewa zaidi ya nusu kama chama kinataka idumu. Nusu hiyo, 600, inatosha siku nzima ya kupima mazao na saa kadhaa za kamera baada ya hapo. Bila kebo yenye umeme, betri kama hiyo ingehitajika mahali zaidi ya pamoja, na betri iliyo bandani ina tabia ya kutembea.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kila chama kinahitaji mpango huu. Pale ambapo mizani iko hatua tano kutoka kwenye meza ya Katibu na soketi iko ukutani, adapta iliyokuja na chombo inatosha, na fedha ya splita itumike penginepo.

Chama kitakachoamua kununua kiandike katika hati ya maombi ya bei aina ya kanuni inayotakiwa, volti na ampea za kila splita, ukubwa wa plagi, na neno kwamba kebo ni ya shaba tupu. Hati isiyo na maelezo hayo humpa muuzaji uhuru wa kuleta chochote, na Kamati ya Manunuzi haitakuwa na cha kulinganisha. Vifaa vikifika, kila splita ichomekwe na volti zake zipimwe kwa mita kabla ya kuunganishwa na chombo chochote. Kazi hiyo haizidi dakika mbili kwa kila moja. Itoe 12 ikiwa imeandikwa 12, au karibu sana. Baadhi ya splita zina kibonyezo cha kuchagua kati ya volti 5, 9 na 12. Hizo zikishawekwa sawa, kibonyezo kifunikwe kwa gundi ya karatasi, kwa kuwa kidole cha mtu anayefuta vumbi kinatosha kuchoma kishikwambi.

Vifaa viingizwe katika rejesta ya mali, kila splita ikitajwa pamoja na chombo chake. Adapta za zamani nazo zisitupwe wala zisigawiwe watumishi. Kila moja ifungwe kibandiko chenye jina la chombo chake, zitiwe katika mfuko mmoja, na mfuko ukae kwa Katibu. Siku kebo itakapokatwa na jembe katikati ya msimu, karani atachomeka adapta hizo kwenye soketi za bandani kama zipo, au mizani na kishikwambi vitahamishiwa ofisini, na upimaji utaendelea wakati fundi anatafutwa.